Mipaka ya Herufi na Majina ya Mara

Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuiwezesha kompyuta kutafuta maneno kwa kufuata ruwaza, na mwaka 1973 utafutaji wa ruwaza ulikuwa umekwisha kuingia katika programu ya grep. Katika ruwaza hizo alama [a-z] husomwa kuwa "herufi yoyote ndogo, tangu a mpaka z". Lakini kompyuta haijui herufi, yajua nambari. Katika orodha ya Kimarekani iitwayo ASCII, iliyopata herufi ndogo mwaka 1967, A ni 65, Z ni 90, a ni 97, na z ni 122.

Mwaka 1992 kanuni za POSIX ziliagiza kwamba mfuatano huo utegemee desturi ya kila lugha. Palipotumika mpango wa kamusi, yaani a, A, b, B, hata z, Z, likazuka jambo lisilotazamiwa. M ya Musoma na B ya Bunda na Butiama zilihesabiwa pamoja na herufi ndogo, kwa kuwa zimo kati ya a na z; Z ya Zanaki, iliyoifuata z, ikaachwa nje. Mwaka 2008 POSIX ililegeza sharti hilo, na mwaka 2011 programu ya gawk ikarudia nambari.

Hata hivyo, nambari nazo hazikuitosheleza Mara. Mama yake Mwalimu Nyerere wa Butiama aliitwa Mugaya Nyang'ombe. Ritifaa ni nambari 39. Basi ruwaza [A-Za-z]+ hulikata jina hilo kuwa "Nyang" na "ombe", ingawa ng' ni sauti moja. Irabu tano za Kijita, kisemwacho Musoma na Bunda, hupita salama. Kizanaki kina irabu saba, na mwanaisimu aziandikapo ɛ na ɔ, ambazo katika Unicode ni 603 na 596, hizo hutupwa.

Hatari ni kwamba kompyuta haitoi onyo: orodha ya maneno iliyopungua yafanana na iliyo kamili, na hesabu zitokazo humo huaminiwa. Unicode, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, huitambua ɛ kuwa herufi, tena ina ritifaa ya pili ihesabiwayo kuwa herufi. Lakini kazi ya kwanza ni ya mwanaisimu: kuziorodhesha herufi zote za lugha anayoichunguza kabla ya kuiamuru mashine itafute.