Ngao ya mbele ya gari (Lilongwe na Dzaleka)

Ngao ya mbele ni fremu ya chuma au aluminiamu inayofungwa mbele ya gari, mahali pa bampa au juu yake, ili taa, rejeta na feni zisivunjike gari linapogonga mnyama, kisiki au tawi. Hufungwa hasa kwenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Nchini Malawi huonekana sana kwenye barabara ya M1, kaskazini mwa Lilongwe, ambako Land Cruiser za mashirika ya misaada hupita kila siku zikielekea kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kati ya kilomita 40 na 50 kutoka mjini. Nyingi kati ya hizo huletwa nchini zikiwa na ngao tayari, pamoja na winchi na mlingoti wa redio. Ngao nyingine hutoka mikononi mwa mafundi wa kuchomelea wa vitongoji kama Chinsapo, kusini-magharibi mwa Lilongwe, ambao kazi yao ya kila siku ni milango na grili za madirisha.

Asili

Ngao za aina hii zilienea kwanza Australia, nchi ya barabara ndefu zisizo na uzio na kangaruu wanaoruka barabarani jua linapozama. Kampuni ya ARB, inayojulikana zaidi katika biashara hii, ilianzishwa Melbourne mwaka 1975 na Anthony Ronald Brown, na jina lake ni herufi za kwanza za majina yake matatu. Kutoka huko ngao zikasambaa pamoja na magari ya shamba, ya utalii na ya misaada. Barani Afrika ziligeuka haraka kuwa pambo: mwenye gari dogo la mjini naye hutaka mabomba yanayong'aa mbele, hata kama njia yake haitoki kwenye lami.

Mahali pa kufungia

Ngao haina nguvu kuliko kitu inachoshikilia. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina chesisi ya reli mbili za chuma zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imekaa juu yake kwa mipira. Ncha za mbele za reli hizo zina matundu ya bolti za bampa. Hapo ndipo ngao hufungwa, kwa vishikio vya bamba nene. Gari kama RAV4 halina reli za namna hiyo, kwa kuwa bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mabomba yaliyobanwa kwenye mabati ya mbele ya gari la aina hiyo hayazuii chochote cha maana, na gari likigonga, mabomba hurudi nyuma na kuingia kwenye rejeta yaliyokusudiwa kuilinda.

Fundi mzuri hutumia matundu ya kiwandani. Kutoboa mapya kwenye kingo za juu au za chini za reli hudhoofisha sehemu zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote, na kuchomelea ngao moja kwa moja kwenye chesisi ni kosa kubwa zaidi: joto hubadilisha chuma kando ya mshono, na ufa huanzia hapo miezi baadaye. Tena, ngao iliyochomelewa haifunguki ikipinda. Bolti za kawaida za kazi hii ni za milimita 12, daraja la 8.8 (namba hiyo huandikwa kichwani mwa bolti), na hukazwa kwa kiasi cha nyutonimita 80 zikiwa kavu. Bolti isiyo na namba, ya kununua kwa kilo, haifai hapa.

Kazi ya karakana

Ngao ya kutengeneza kienyeji huanza na vipimo vilivyochukuliwa kwenye gari, kisha mabomba hukatwa, hupindwa na kushikizwa kwa nukta chache za moto yakiwa mahali pake. Baada ya hapo fremu hutolewa na kumaliziwa chini, mbali na gari. Utaratibu huu una sababu. Mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye gari unaweza kuunguza alteneta au kompyuta ya injini; kwa hiyo hata kwa zile nukta chache betri hufunguliwa, na kibano cha mashine hukamatishwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Bomba la maji lililopakwa zinki hupendwa kwa kuwa linapatikana kirahisi na halishiki kutu. Likichomelewa bila kusaga zinki kwanza hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na baridi jioni hiyo. Mafundi wengi hunywa maziwa kama dawa. Maziwa hayasaidii, kinachosaidia ni grainda na kufanya kazi mahali penye upepo.

Umeme nao huamua ubora wa mshono kuliko wateja wanavyodhani. Januari 2022 dhoruba ya Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire, na Malawi ikapoteza karibu megawati 130 kwa mpigo mmoja. Kwa mchomeleaji, umeme dhaifu maana yake ni moto usiopenya: mshono unaonekana mzuri juu, lakini chini chuma hakijashikana. Ukifunikwa kwa rangi hautofautiki na mshono imara.

Mafundi waliokimbia vita Kongo na Burundi wapo pia katika habari hii. Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi mwaka 1994, ina zaidi ya watu 50,000, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake za sokoni. Sera ya Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na Mei 2023 serikali ilianza kuwarudisha kwa nguvu waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na miji mingine. Hivyo fundi mwenye ujuzi wa chesisi anaweza kujikuta kambini akichomelea baiskeli na majiko, huku magari yanayohitaji ujuzi wake yakipita kumfuata fundi wa mjini.

Uzito

Ngao ya chuma yenye kilo 60 haiongezi kilo 60 tu kwenye magurudumu ya mbele. Kwenye Land Cruiser 78, ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.98, ngao iliyokaa sentimita 90 mbele ya ekseli huongeza mzigo wa mbele kwa takriban kilo 78 na kuinua nyuma kwa kilo 18, kama mtoto anayekalia ncha ya pembea ya ubao. Ongeza winchi ya kilo 40 na mzigo wa mbele hufika kilo 130 hivi. Springi za mbele hushuka, taa hubadili mwelekeo, na breki ya nyuma hupungukiwa mshiko kwenye changarawe. Ndiyo maana ngao nzito hudai springi ngumu zaidi, gharama ambayo wauzaji huitaja mwishoni, wakiitaja kabisa.

Hatari kwa walio nje ya gari

Hoja ya kawaida ya kufunga ngao ni wanyama. Kwenye M1 hao ni mbuzi na ng'ombe zaidi kuliko wanyamapori. Tembo 263 walihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Kasungu mwaka 2022, lakini hakuna ngao inayomfaa mtu aliyegonga tembo. Kinachojaza ukingo wa barabara hiyo ni watu: wanaokwenda sokoni kwa miguu, wanafunzi, mikokoteni isiyo na taa, na kabaza, yaani baiskeli za kubeba abiria. Bampa la plastiki na boneti la bati hupinda na kupokea sehemu ya pigo. Bomba la chuma halipindi, na kwenye gari refu hukutana na kichwa cha mtoto. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya majaribio kwa ngao kwa maelekezo ya mwaka 2005, na India ilizipiga marufuku Desemba 2017.

Aliye ndani naye hasalimiki. Mbele ya gari la kisasa imeundwa ikunjike na kumeza pigo, na vihisi vya mifuko ya hewa hupimwa kwa mkunjo huo. Ngao ngumu isiyoundwa kwa ajili ya gari husika inaweza kuchelewesha mifuko au kuifyatua kwa pigo dogo. Kwa gari linalozunguka kati ya Chinsapo na katikati ya jiji, bampa la kiwandani linatosha. Kwa gari la Dzaleka linalohitaji mahali pa kufungia winchi wakati wa mvua, ngao ina kazi, mradi iwe ya chini na isiyo na pembe zilizotokeza.

Ukaguzi

Ngao isifunike taa, indiketa wala namba, na kati yake na bodi ibaki nafasi ya sentimita mbili hivi, kwa sababu chesisi hujipinda kwenye mashimo na bodi haijipindi nayo sawasawa. Bolti hukazwa upya baada ya kilomita mia chache za kwanza. Baada ya kugonga, fundi hupima mishazari miwili kati ya reli za chesisi. Ikitofautiana, reli zimesogea hata kama ngao haina alama, na bolti zote za vishikio hubadilishwa.