Uchaguzi wa Bunge la Kutunga Sheria la Msumbiji, 1973

Uchaguzi huu ulifanyika Machi 1973, Msumbiji ikiwa bado chini ya Ureno na vita vya ukombozi vikiwa katika mwaka wake wa tisa. Bunge lilikuwa na wajumbe 50, na 20 tu ndio waliopigiwa kura na wananchi walioandikishwa. Waliobaki walipatikana kupitia makundi maalumu, yakiwemo idara za serikali, mashirika ya dini na wenye biashara. Ndivyo utawala uliojengwa na António Salazar ulivyoiona siasa: jamii ni mkusanyiko wa taasisi, na kura ya mtu mmoja mmoja ni nyongeza.

Chanzo chake kilikuwa Lisbon. Tangu 1951 Ureno iliacha kutumia neno koloni, ikaanza kusema majimbo ya ng'ambo. Marcelo Caetano, aliyemrithi Salazar mwaka 1968, alitaka kuonyesha kwamba majimbo hayo yanajitawala bila kujitenga na Ureno. Katiba ikarekebishwa mwaka 1971, na Juni 1972 ikapitishwa Sheria ya Msingi ya Ng'ambo, iliyozipa Msumbiji na Angola cheo cha kuitwa dola. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko mamlaka. Gavana Mkuu aliendelea kuteuliwa na Lisbon, na ulinzi na mambo ya nje hayakuondoka huko.

Kiini cha uchaguzi huu kimo katika daftari la wapiga kura. Sensa ya 1970 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane. Walioandikishwa walikuwa takriban laki moja na elfu kumi, yaani chini ya watu wawili katika kila mia. Hadi 1961 sheria iliwagawa Waafrika mafungu mawili: wenyeji, waliobanwa na kodi na kazi za shuruti, na asimilado wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mgawanyo huo ulipofutwa, wote wakawa raia kwenye karatasi. Lakini ili kupiga kura ilibidi raia ajue kusoma na kuandika Kireno, na elimu ya Waafrika ilikuwa imeachiwa misheni za Kikatoliki tangu mapatano ya Ureno na Vatikani ya 1940. Uhuru ulipofika, zaidi ya tisa kati ya kila Wasumbiji kumi hawakujua kusoma.

Sharti hilo lilikuwa na sura nyingine kwenye pwani ya kaskazini. Kuanzia Angoche na Kisiwa cha Msumbiji hadi Ibo na mpaka wa Ruvuma, Waislamu walikuwa na mapokeo ya kale ya kuandika kwa hati za Kiarabu. Katika karne ya 19 masheikh na masultani wa huko waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati hizo, na barua zilisomwa, zikajibiwa, zikahifadhiwa. Mbele ya sheria ya uchaguzi, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyejua hati hiyo peke yake alikuwa mtu asiyejua kusoma.

Chama kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja: Acção Nacional Popular, jina jipya ambalo chama cha Salazar kilipewa mwaka 1970. Viti vyote vikawa vyake. Wanaokumbuka kura tatu za Tanganyika za 1958 na 1959 (kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia), zilizokuwa na masharti ya elimu na kipato, watakumbuka pia kwamba TANU, chama cha wapigania uhuru wa huko, ilibishana vikali kule Tabora kuhusu kuingia au kususia, kisha ikaingia na kushinda. FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi wa Msumbiji, haikupata hata nafasi ya kubishana hivyo. Ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na, ndani ya Msumbiji, kuwa mwanachama wake kulitosha kumfikisha mtu mikononi mwa polisi wa siri, ambao nao walikuwa wamebadilishwa jina na kuitwa DGS.

Wakati kampeni zikikaribia, vita vilikuwa vimesonga kusini. Kutoka Cabo Delgado na Niassa wapiganaji walifungua uwanja wa Tete mwaka 1968, kisha mwaka 1972 wakaingia Manica na Sofala. Tarehe 16 Desemba 1972, miezi mitatu kabla ya kura, askari wa Ureno waliwaua wanakijiji wa Wiriyamu, karibu na mji wa Tete. Dunia ilipata habari kamili Julai 1973, gazeti la The Times la London lilipochapisha ushahidi uliotoka kwa mapadri. Katika maeneo yaliyokombolewa, ambako maofisa wa Ureno hawakuweza kufika bila jeshi, FRELIMO ilikuwa na kamati zake za vijiji, shule na maduka ya watu.

Bunge lilidumu mwaka mmoja na ushei. Mapinduzi ya 25 Aprili 1974 yalimwangusha Caetano, na chama chake kikavunjwa. Mkataba wa Lusaka wa 7 Septemba 1974, kati ya Ureno na FRELIMO, haukulitengea Bunge hilo nafasi yoyote: kazi ya kutunga sheria ilikabidhiwa Serikali ya Mpito chini ya Joaquim Chissano, iliyoapishwa siku 13 baadaye. Uhuru ulipatikana 25 Juni 1975. Mabunge ya wananchi chini ya FRELIMO yalichaguliwa mwaka 1977, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuja Oktoba 1994, daftari likiwa na majina zaidi ya milioni sita.