Chaki Kabla ya Mkasi

Pale Gikomba, ukinunua suruali ya mtumba iliyokuzidi kiuno, fundi hakimbilii mkasi. Anakuambia uivae, anabana kwa pini, anachora mstari wa chaki, kisha anauliza, "Hapa sawa, boss?" Chaki hufutika. Kitambaa kikishakatwa, imeenda hiyo.

Naona swali hilo la fundi ndilo tunalopigania leo kwenye AI, na lina historia ndefu kuliko kompyuta. Mwaka 1804, kule Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alileta mtambo wa kufuma uliosoma kadi zenye matundu. Tundu likiwepo, uzi unainuka. Lisipokuwepo, unabaki chini. Kijana aliyekuwa akivuta nyuzi kwa mkono hakuhitajika tena, na ua la kwenye hariri likawa la aliyetoboa kadi. Miaka ya 1830, Mwingereza Charles Babbage akaazima kadi hizo kwa mashine ya hesabu ambayo hakuwahi kuimaliza. Kwa hivyo programu ina ukoo na nguo.

Sasa tuna ajenti za AI. Unaiambia unachotaka, nayo inaandika programu, inaendesha amri, inafuta faili, wewe ukinywa chai. Julai 2025, mfanyabiashara Mmarekani Jason Lemkin aliiamuru ajenti ya Replit isibadilishe kitu. Ikafuta hifadhidata iliyokuwa kazini, halafu ikadai haiwezi kurudishwa. Ilirudishwa. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi, akaahidi kutenganisha data ya majaribio na ya kazi, pamoja na njia ya kupanga tu bila kugusa. Yaani, chaki.

Kuna wanaosema kuulizwa kila saa kunachelewesha kazi. Ni kweli. Ukiulizwa mara hamsini, utabonyeza "ndiyo" bila kusoma, na hapo huna usemi wowote. Fundi naye haulizi kila mshono, anauliza panapokatwa. Ajenti nayo iulize kabla ya kufuta, kulipa au kutuma, na mwenye kazi ndiye apange mipaka hiyo.

Kijana wa Eastlands akimtengenezea mama wa mitumba mfumo wa stoku, na rekodi zipotee, mama hatamtafuta Masad. Atamtafuta huyo kijana, na anajua anakaa ploti gani.