Jiwe la Amboseli lililogeuka kiko: historia ya chapa ya tembo

Athi River ni njia panda. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, anayeelekea pwani hunyoosha moja kwa moja, na anayekwenda Arusha hukata kulia, akapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil hadi Namanga. Wakazi wa mji huu wanajua thamani ya jiwe. Kiwanda cha saruji cha East African Portland kilijengwa hapa katika miaka ya 1950, vingine vikafuata, na hadi leo ajira za familia nyingi zinatokana na kusaga mawe.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, mwendo wa saa chache kwa barabara hiyo ya Namanga, jiwe la aina nyingine lilikuwa linachimbwa kwa kazi tofauti kabisa. Halikwenda kujenga nyumba wala daraja. Lilikwenda Arusha, likachongwa viko vya kuvutia tumbaku, kisha likasafirishwa ng'ambo likiwa na nembo ya tembo. Chapa yenyewe iliitwa Kiko, kwa Kiswahili kile kile tunachokisema nyumbani. Wakusanyaji wa viko Ulaya na Marekani wanaifahamu hadi leo. Kwetu ilikotoka, ni wachache sana wanaoikumbuka.

Chimbuko lake ni bonde la Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro. Zamani za kale bonde hilo lilikuwa na ziwa kubwa. Maji yake yalikuwa na magnesi na silika kwa wingi, na katika nyufa na mapango ya miamba ya chokaa yalijenga polepole madini meupe ambayo wanajiolojia huyaita sepioliti. Yakipatikana kama donge gumu linaloweza kuchongwa, wafanyabiashara huyaita mershaumu. Bonde hilo limekatwa katikati na mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo madini haya yako Kenya na yako Tanzania pia. Machimbo yaliyopata jina zaidi ni ya Sinya, upande wa Tanzania, katika nchi ya Wamaasai ambayo leo ni Wilaya ya Longido.

Kabla ya Sinya kujulikana, ulimwengu ulikuwa ukipata mershaumu kutoka Eskişehir nchini Uturuki. Jiwe la huko ni jeupe na jepesi, na likikauka huelea majini. Katika karne ya 19 mafundi wa Vienna walilichonga kwa ustadi wa ajabu: vichwa vya masultani, simba, kucha za tai zilizoshika yai. Mvutaji wa kiko alilipenda kwa sababu za msingi. Haliungui. Lina vitundu vidogo mno vinavyofyonza unyevu na masizi, hivyo moshi hufika kinywani ukiwa umepoa na haujachanganyika na ladha ya mti. Na kadiri linavyotumika, hugeuka rangi kutoka nyeupe hadi dhahabu, kisha hudhurungi. Mzee aliyevuta kiko kimoja kwa miaka mingi alijivunia rangi hiyo.

Jiwe la Amboseli lina tabia yake. Ni zito kuliko la Uturuki, limeshikamana zaidi, na mara nyingi lina madoa ya kijivu au rangi ya udongo. Kwa vipimo vya Vienna hilo lilikuwa doa. Lakini uzito huo ulilifanya liwe imara, na kiko kinachohimili kubebwa mfukoni kina soko lake. Mwaka 1955, Tanganyika ikiwa bado chini ya usimamizi wa Uingereza, kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilianzishwa mjini Arusha kulitumia jiwe hilo, na viko vyenye nembo ya tembo vikaingia sokoni.

Kazi ya kutengeneza kiko cha mershaumu huanza jiwe likiwa bado na unyevu wa ardhini. Wakati huo ni laini kama sabuni, na kisu hulikata bila taabu. Donge hupunguzwa hadi kupata umbo la bakuli, hutobolewa shimo la tumbaku na njia ya moshi, kisha hukaushwa, hulainishwa na kupakwa nta. Nta hiyo ndiyo inayolipa jiwe mng'ao na kulisaidia kubadili rangi vizuri. Penye madoa, mafundi walipata suluhisho zuri. Viko vingine vilitiwa rangi ya kahawia au nyeusi, na vingine vilivalishwa ngozi iliyoshonwa kuzunguka bakuli, ikaacha mdomo mweupe tu ukionekana juu. Ngozi hiyo ikawa alama ya chapa. Ukikiona kiko cha zamani chenye bakuli la ngozi, mshono kando na tembo mdogo, ujue unaangalia kazi ya Arusha.

Muhuri wake nao husimulia historia. Viko vya mwanzo viliandikwa kwamba vimetengenezwa Tanganyika. Vya baadaye vinaitaja Tanzania. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, ikaungana na Zanzibar Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika mwishoni mwa mwaka huo. Hivyo mtu aliyeko London au Chicago anaweza kukadiria umri wa kiko chake kwa kusoma historia ya nchi yetu iliyopigwa chapa kwenye kifaa kidogo cha kutosha kiganjani.

Wateja walikuwapo. Huko Uingereza kiko kilikuwa kifaa cha mwalimu, karani na mwanasiasa. Harold Wilson, aliyekuwa waziri mkuu katika miaka ya 1960 na 1970, alijulikana kwa kiko chake. Viwanda vya Ulaya vilitumia pia mershaumu ya Afrika kama tabaka la ndani la viko vya mti, ili mti usiungue. Na katika kijiji cha Laxey, kwenye Kisiwa cha Man kati ya Uingereza na Ireland, kulikuwa na karakana iliyotengeneza viko kwa jiwe la Afrika Mashariki. Mvutaji wa huko huenda hakujua lolote kuhusu Sinya, ila kila alipowasha tumbaku, alishika mkononi kipande cha bonde la Amboseli.

Baadaye biashara ilififia. Sigara ilikuwa imeshachukua nafasi ya kiko kwa vijana wa kila bara. Ukweli kuhusu tumbaku nao ukajulikana: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Tanzania ilitunga sheria ya kuidhibiti mwaka 2003, Kenya ikafuata mwaka 2007. Sheria hizo ni njema, na hakuna sababu ya kutamani siku za moshi zirudi. Bonde lenyewe limepata sifa nyingine. Amboseli ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na leo ulimwengu unalijua kwa tembo walio hai, si kwa tembo wa nembo.

Lakini kuacha tumbaku hakumaanishi kuisahau kazi ya mikono. Historia ya viwanda vya Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kwa reli, kahawa, katani na saruji, bidhaa ambazo nyingi kati yake ziliondoka hapa zikiwa ghafi. Kiko cha Arusha kiliondoka kikiwa kimekamilika: jiwe la kwetu, limechongwa na mafundi wa kwetu, kwa jina la lugha yetu. Uturuki ililiona jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1970 ilizuia kuuza nje mershaumu ghafi ili uchongaji ubaki Eskişehir, na hadi leo mafundi wa mji huo wanaishi kwa kazi hiyo. Hilo ni somo kwa yeyote anayesimama Athi River na kuyatazama malori ya madini yakipita.

Kumbukumbu zetu zimegawanyika kama bonde lenyewe. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Nyaraka za madini haya ziko Nairobi kwa upande mmoja na Tanzania kwa upande mwingine. Waliochimba na kuchonga katika miaka ya 1950 na 1960, kama bado wako, ni wazee sana. Makumbusho ya Nairobi na Arusha yanaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: kuwatafuta wazee hao Longido, Kajiado na Arusha na kurekodi masimulizi yao, na kununua viko vichache vyenye nembo ya tembo ambavyo wakusanyaji wa ng'ambo wanauziana kila siku. Mtoto wa shule wa Namanga au Athi River anastahili kukiona kimoja na kusoma chini yake kwamba kilitoka hapa.