Kinanda Songea: Historia ya Wapigaji Waliolelewa na Ibada

Katika historia ya muziki wa Ulaya, mpiga piano wa tamasha ni mwanamuziki anayeketi peke yake mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, akapiga tungo za mabingwa na kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Kazi hiyo ilipata sura yake katika karne ya 19, hasa kuanzia mwaka 1839, Franz Liszt alipoanza kutoa maonesho bila kusaidiwa na waimbaji wala wapigaji wengine, naye Clara Schumann akaitumikia kwa takriban miaka 60. Mpigaji wa aina hiyo huhitaji ala, mwalimu, ukumbi na hadhira, na pale ambapo vitu hivyo vinne havikukutana, muziki wa vinanda ulimlea mtu mwingine kabisa. Songea, mji wa kusini mwa Tanzania, ni mahali pa namna hiyo, kwani huko muziki huo ulipitia mlango wa kanisa na ukabaki kuwa kazi ya ibada.

Wabenediktini, yaani watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, walifungua misheni ya Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898 chini ya Padre Cassian Spiss kutoka shirika la St. Ottilien la Ujerumani. Kuimba ni sehemu ya utawa wao, kwa sababu kanuni yao huwataka wakusanyike mara kadhaa kwa siku kuimba zaburi, na kwa desturi huziimba kwa mtindo wa Kigregoriani, ambao ni uimbaji wa sauti moja usiofuata mapigo ya ngoma. Kazi yao ilikatizwa na Vita vya Maji Maji, ambavyo wenyeji walipigana dhidi ya utawala wa Wajerumani: Spiss, aliyekuwa ameshapewa uaskofu, aliuawa Agosti 1905, misheni ya Peramiho ikachomwa moto, na mwaka 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wengi wa Wangoni, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake. Muziki wa kanisa ulijengwa upya katika nchi iliyojaa majeraha, na Peramiho ilipofanywa kuwa abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abate, mwaka 1931, ilikuwa njiani kuwa kitovu cha shule, hospitali na seminari za eneo zima.

Kwamba piano haikupata nafasi katika ibada si jambo la bahati. Mnamo Novemba 1903, Papa Pio X alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu uliokataza piano kupigwa kanisani, na waraka huohuo ukakataza pia ala za kelele, zikiwemo ngoma. Ala iliyoheshimiwa na Waulaya katika kumbi zao na ala iliyoheshimiwa na Wangoni katika lizombe, mchezo wao mashuhuri, zilizuiliwa pamoja kwa amri moja, na iliyobaki na ruhusa kamili ilikuwa ogani pamoja na mdogo wake, harmoniamu, ambayo ni kinanda cha kukanyaga.

Hata bila sheria hiyo, umbo la piano lingeipa shida. Piano kubwa ya tamasha ina uzito unaokaribia kilo 500, na nyuzi zake zimekazwa kwa nguvu inayofikia tani nyingi juu ya fremu ya chuma, huku ubao wake wa sauti ukivimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, jambo linalodai fundi wa kurekebisha sauti kila mara. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na barabara ya lami kutoka Makambako ilikamilika katika miaka ya 1980 tu. Harmoniamu, kwa upande wake, haina nyuzi: mpigaji hukanyaga mivuo kwa miguu, upepo ukapita katika ndimi nyembamba za shaba zinazotoa sauti, na ndimi hizo hudumu na sauti yake kwa miaka.

Tofauti hiyo iliunda pia ustadi wa mpigaji. Katika piano, ukali wa sauti hutokana na uzito wa kidole, lakini katika harmoniamu hutokana na mguu, hivyo mpigaji wa kanisani alijifunza kulinda upepo usikatike waimbaji wanapovuta pumzi, huku mikono yake ikishika sauti nne za kwaya, yaani soprano, alto, tena na besi. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, akiwafundisha watu wasiosoma nota sauti moja baada ya nyingine hadi zote zikaungana, na akihamisha wimbo kwenda ufunguo wa chini pale soprano walipolemewa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1963. Mwaka huo padre Mtanzania Stephen Mbunga alichapisha Uswisi kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na tarehe 4 Desemba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba mila za muziki za watu wa nchi za misheni zipewe heshima yake, ingawa ogani ilibaki na sifa yake ya pekee. Ngoma ikaingia kanisani kwa ruhusa, na mpiga kinanda akalazimika kujifunza kuifuata. Baadaye kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya kile cha kukanyaga, kikamwongezea sauti nyingi na kumpunguzia kazi ya miguu.

Ikipimwa kwa kumbi na kiingilio, historia hii itaonekana tupu, na kipimo hicho si cha haki. Ni kweli kwamba kijana wa Songea anayetaka kuwa mpiga piano wa tamasha hulazimika kwenda mbali, kwenye vyuo vinavyofundisha muziki kama vile vya Bagamoyo, Unguja au Makumira, na kuanza upya kuzoeza vidole vyake. Lakini haendi mikono mitupu, kwa kuwa kusoma nota, kusikia sauti nne kwa pamoja na kuongoza waimbaji ndiyo misingi ambayo mpigaji yeyote wa piano huihitaji. Wanahistoria wa muziki wa Tanzania wana wajibu wa kuwaandika wapiga kinanda wa parokia kuwa wanamuziki kamili, kabla wazee waliokanyaga vinanda vile hawajaondoka na maarifa yao.