Androgino: Kutoka Hekaya hadi Sheria

Neno androgino limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la mwanamume na jingine la mwanamke. Siku hizi linasikika zaidi katika mitindo na muziki. David Bowie, kwa mapambo yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni mfano unaotajwa mara nyingi. Saikolojia nayo ililichukua: mwaka 1974 Sandra Bem wa Marekani alichapisha kipimo kilichokusudia kuonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na tabia zinazohesabiwa za kiume na zile zinazohesabiwa za kike. Lakini maana hizo ni changa. Kwa karne nyingi jina hili liliwaangukia hasa watu ambao miili yao haikubainika kuwa ya kiume wala ya kike, wale ambao Kiswahili huwaita huntha. Anayefuatia historia yao atakuta kwamba waliowatukuza katika hekaya hawakuwafaa sana. Waliowafaa ni mafakihi, watu wakavu ambao kazi yao ilikuwa kugawa mirathi na kupanga safu za swala.

Wanaoipenda hekaya humshika Plato. Katika kitabu chake kuhusu karamu, kilichoandikwa karne ya 4 KK, mchekeshaji Aristophanes anasimulia kwamba hapo kale binadamu walikuwa wa namna tatu: wa kiume waliotokana na jua, wa kike waliotokana na ardhi, na androgino waliotokana na mwezi. Zeus akawapasua wote vipande viwili, na tangu hapo kila nusu inamtafuta mwenzake. Ni hadithi tamu, na wengi wameisoma kama sifa kwa androgino. Wanalosahau ni kwamba msimulizi mwenyewe anasema jamii hiyo ilikwisha kutoweka, na jina lake limebaki kuwa tusi tu. Hata kabla yake, mwanahistoria Herodotus aliwaita androgino waaguzi fulani wa Waskithi waliodai kupewa uaguzi na mungu wa kike. Heshima hiyo ilikuwa ya watu wa mbali. Athens kwenyewe neno lilikuwa la kumdhalilisha mwanamume aliyeonekana dhaifu.

Roma ilifanya vibaya zaidi. Mwaka 207 KK, jemadari adui Hannibal akiwa bado ndani ya Italia na watu wamejaa hofu, habari zilifika kutoka mji wa Frusino kwamba amezaliwa mtoto mkubwa kama wa miaka minne, asiyejulikana kama ni wa kiume au wa kike. Mwanahistoria Livy anaeleza kwamba waaguzi wa Kietruria waliitwa, wakaamuru kisirani hicho kiondolewe katika ardhi ya Roma. Mtoto akatiwa sandukuni angali hai, akatupwa baharini, kisha wasichana 27 wakapita mjini wakiimba wimbo wa kuwatuliza miungu. Si kwamba hakuna aliyepinga: Diodorus wa Sicily aliandika habari za watu wa namna hii makusudi ili kuvunja ushirikina, akisisitiza kwamba ni maumbile wala si dalili ya balaa. Na katika karne ya 1 BK Pliny anasema waliohesabiwa zamani kuwa kisirani sasa wamekuwa watu wa kustarehesha. Hayo nayo si maendeleo ya kujivunia.

Marabi wa Kiyahudi walilichukua neno hilohilo la Kiyunani wakaliingiza katika sheria zao. Waliorodhesha mambo ambayo androgino hufuata hukumu ya wanaume, yale anayofuata hukumu ya wanawake, na yale ambayo hafuati hukumu ya upande wowote. Rabi Yose alikataa kumweka upande wowote. Kwake ni kiumbe wa namna yake. Lililo kubwa zaidi ni kwamba anayemuua androgino kwa kusudi alistahili hukumu ya muuaji. Fikihi ya Kiislamu nayo ilimpa huntha milango yake. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huntha ambaye hali yake haijabainika husimama katika swala nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Katika mirathi, kila mrithi hupewa kile kisicho na shaka, na kinachobaki huwekwa hadi hali ibainike au warithi wapatane.

Atakayepinga atasema kwamba sheria hizi zilimsukuma mtu aingie katika moja ya makundi mawili, hata kwa kuchunguza mkojo wake unatoka wapi. Ni kweli, na uchunguzi huo haukuwa wa staha. Hata hivyo fakihi aliyeshindwa kuamua alisimamisha hukumu, hakumwondoa mtu. Mwenye kuwekewa fungu la mirathi tayari amekubaliwa kuwa ni mtoto wa nyumba ile, jambo ambalo mtoto wa Frusino hakulipata. Dola za leo zimechelewa kufika hapo: Kenya iliwahesabu huntha peke yao kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ndiyo iliyotaka waandikishwe ipasavyo wanapozaliwa.