Jenereta ya kujiwasha nyumbani: Manufaa na tahadhari zake

UMEME ukipotea usiku mjini Isiolo, kazi ya kuwasha jenereta humwangukia aliye macho. Sharti atoke nje na tochi, akague mafuta, avute kamba au azungushe ufunguo, kisha ageuze swichi ili nyumba ipate mwanga. Iwapo mwenye nyumba yuko safarini, friji hukaa kimya hadi asubuhi.

Hasara yake si ndogo katika mji wenye joto kama huo. Maziwa ya ngamia ambayo akina mama wafanyabiashara hukusanya na kupoza kabla ya kuyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi, huharibika yakikosa ubaridi kwa muda mrefu. Akiba ya insulini ya mgonjwa wa kisukari nayo huhitaji kuwekwa kwenye friji. Isitoshe, umeme haubishi hodi unapoondoka. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, na Kenya ikatumbukia gizani.

Ndiposa baadhi ya wenye jenereta hutaka kuiongezea kifaa cha kuiwasha bila kuguswa. Wazo hilo si geni. Kampuni ya Kohler ya Marekani ilianza kuuza mwaka wa 1920 jenereta ya nyumbani iliyojiwasha mtu alipobonyeza swichi ya taa.

Hata hivyo, mkono unaowasha jenereta hufanya pia kazi nyingi za usalama ambazo mwenyewe huenda hazitambui. Mkono huo ukiondolewa, kila mojawapo ya kazi hizo sharti ikabidhiwe kifaa maalum au itekelezwe mapema.

Jenereta ifaayo

Sharti la kwanza ni jenereta kuwa na stata na betri ya volti 12. Inayowashwa kwa kuvuta kamba pekee haifai, ila iwapo kuna stata iliyoundwa kwa ajili ya injini hiyo hasa.

Jambo la pili ni choki. Injini ya petroli yenye kabureta huhitaji choki ifungwe ikiwa baridi na ifunguliwe inapopata joto. Kazi hiyo ya vidole itahitaji mota ndogo au sumaku ya umeme inayoongozwa na kidhibiti. Injini ya dizeli haina choki, ingawa baadhi huwa na plagi za kupasha moto ambazo hutangulia kuwashwa kwa sekunde kadhaa.

Njia ya kuzima pia hutofautiana. Ya petroli huzimwa kwa kukata cheche za plagi, ilhali ya dizeli huzimwa kwa kufunga njia ya mafuta. Kidhibiti kinachonunuliwa sharti kilingane na aina ya injini.

Mpangilio wa kazi

Kidhibiti ni kisanduku kidogo kinachopima umeme wa laini wakati wote. Nchini Kenya kiwango cha kawaida cha nyumbani ni volti 240 na hezi 50. Umeme ukipotea au ukishuka mno, kidhibiti hungoja sekunde chache kwanza, ili injini isiamshwe na kila mmemeto wa taa.

Baadaye huamuru stata izungushe injini kwa sekunde chache. Isipowaka, hupumzika kidogo na kujaribu tena, kwa kawaida mara tatu. Ikishindwa, huacha na kutoa ishara ya hitilafu, maana stata inayozungushwa bila kikomo huungua na kumaliza betri.

Injini ikishawaka, kidhibiti hutambua kupitia umeme unaozalishwa na kuiachisha stata mara moja. Huipa injini muda mfupi wa kutulia kabla ya kuibebesha mzigo. Umeme wa laini unaporudi, hungoja dakika kadhaa kuhakikisha kwamba umetulia, hurejesha nyumba kwenye laini, kisha huacha injini izunguke bila mzigo kwa dakika mbili au tatu ili ipoe ndipo izimwe.

Kidhibiti bora huzima injini mafuta ya kulainisha yanapopungua, joto linapopita kiasi au mwendo unapozidi. Vilevile, pawepo kitufe cha kuizima ghafla, na swichi ya kuzuia isijiwashe wakati fundi ameingiza mikono ndani yake. Kabla ya kuihudumia, ondoa pia waya hasi wa betri.

Umeme usirudi nje

Hatari kubwa zaidi imo kwenye makutano ya umeme wa jenereta na ule wa laini. Jenereta ikiunganishwa na nyumba huku swichi kuu ikiwa wazi kwa laini, umeme wake hutoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma inayopunguza volti 11,000 kuwa 240 hufanya kinyume inapolishwa kutoka upande wa nyumba. Mfanyakazi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti, akiamini kwamba laini imezimwa, anaweza kuuawa.

Mtu aliyewasha jenereta kwa mkono huenda alikumbuka kuzima swichi kuu. Mashine haina kumbukumbu hiyo. Kwa hivyo kidhibiti kisifungwe bila swichi ya kugeuza umeme yenye kizuizi cha chuma ndani, kinachofanya pande hizo mbili zisiweze kushikana hata kifaa kikiharibika. Fundi aamue pia, kulingana na jinsi jenereta ilivyounganishwa na ardhi, iwapo waya wa nyutro ugeuzwe pamoja na wa moto. Kebo yenye plagi pande zote mbili, inayochomekwa ukutani, isitumiwe kamwe.

Kazi hii ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Moshi unaoua

Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayewasha jenereta kwa mkono huweza kuitoa nje kwanza. Ile inayojiwasha itanguruma pale ilipo, saa nane za usiku, watoto wakiwa usingizini. Isiwekwe kamwe ndani ya nyumba, kwenye gereji wala verandani. Ikae nje, takriban mita sita au zaidi kutoka milangoni na madirishani, chini ya paa la kuikinga jua na mvua lakini pande zikiwa wazi. Zuia watoto na mifugo kuifikia, na usiweke karibu nyasi kavu au mitungi ya petroli.

Mzigo wa pamoja

Mtu huwasha vyombo kimoja baada ya kingine. Swichi ya kujigeuza huviwasha vyote kwa mpigo mmoja, na mota ya friji au pampu ya maji huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake inapoanza. Tenga saketi chache muhimu, mathalani taa, friji na chaja, na uache pasi na hita nje ya mpango huo. Friji na pampu zinaweza kufungiwa vifaa vya kuzichelewesha ili zisianze pamoja. Kumbuka pia kwamba Isiolo iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachoipunguzia injini ya kawaida kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake. Joto nalo huongeza upungufu huo.

Betri na majaribio

Umeme ulipopotea katika sehemu kubwa ya nchi usiku wa Agosti 25, 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi uliingia giza. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, alieleza kwamba jenereta iliyohudumia baadhi ya majengo ya abiria ilikosa kuwaka. Mkurugenzi mkuu wa mamlaka inayosimamia viwanja vya ndege aliachishwa kazi. Ikiwa uwanja mkubwa zaidi nchini uliweza kukosa umeme wa dharura, mwenye nyumba asidhani kwamba kununua kifaa kunatosha.

Betri ndiyo huangusha jenereta nyingi. Hupoteza nguvu polepole ikiachwa bila kazi, na joto hufupisha maisha yake. Ifungiwe chaja ndogo inayotumia umeme wa laini na kuiweka kwenye volti 13.5 hivi wakati wote. Petroli nayo huchakaa ikikaa miezi mingi na kuziba kabureta, kwa hivyo itumiwe na kubadilishwa. Vumbi la eneo hilo hufanya kichujio cha hewa kuhitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Kanuni ya Marekani ya mitambo ya dharura, NFPA 110, hutaka jenereta ya dizeli ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30 ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Mwenye nyumba anaweza kuiga ratiba hiyo. Mara moja kwa mwezi, zima swichi ya umeme wa laini mchana, usiguse jenereta, na utazame mfumo mzima ukifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kagua mafuta kabla ya jaribio na baada yake, na uandike tarehe. Iwapo itakataa kuwaka, utakuwa na mchana kutwa wa kumtafuta fundi.